UZI: Imeili za mahoteli na biashara za Unguja na Pemba kwa ajili ya mauzo, namna ya kuzipata bila kununua orodha

#1 DadaWaCherehani (mleta uzi)

Assalaam alaykum wenzangu.

Nafanya mauzo kwenye karakana ya ushoni hapa Mwanakwerekwe. Tunashona sare za wafanyakazi wa mahoteli, mashuka, foronya, mapazia na vitambaa vya meza. Kila baada ya muda mtu ananifuata faragha: "Dada, hizo imeili za mahoteli unazitoa wapi, niuzie." Siuzi. Nazitaja hapa njia ninazotumia, anayetaka achukue, na mwenye njia nzuri zaidi aongeze.

Kwanza tuwekane sawa. Kuipata imeili si kazi kubwa. Kazi ni kumjua anayeifungua. Hapa kwetu imeili nyingi za biashara ndogo zilifunguliwa na kijana wa duka la simu Darajani ili simu mpya ikubali Play Store, na mwenye duka mpaka leo neno la siri halijui. Nyengine inasomwa na mhasibu aliyekaa Dar. Nyengine inasomwa na mwenye hoteli aliyeko Italia, anaifungua akishakunywa kahawa yake, na habari za mashuka hataki kuzisikia kwa sababu ana meneja. Kwa hiyo mtu akinambia ana imeili mia tano za Zanzibar namuuliza: ngapi unazijua zinasomwa na nani? Hapo ndipo pananyamaza.

Mimi naanzia barabarani. Asubuhi gari za watalii zinapokusanyika Forodhani, au pale nje ya uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, tazama mlango wa nyuma wa gari. Jina la kampuni, namba ya simu, na mara nyingi tovuti au imeili kwa stika. Piga picha ukatulie nayo nyumbani. Stika mpya ni ushahidi kwamba kuna mtu karibuni ametoa pesa kuibandika anwani hiyo, kwa hiyo bila shaka anaitumia. Stika iliyochunika usiikisie herufi. Herufi "l" na tarakimu "1" zinafanana vibaya sana juani, na anwani moja iliyokosewa itakurudishia ujumbe au itampelekea mtu asiyehusika. Mabango ni hivyo hivyo. Pale mzunguko wa Paje, unapogawika kwenda Jambiani na Bwejuu, kuna vibao vya kutosha kukupa kazi ya siku nzima.

Google Maps ni nzuri kwa majina. Andika hoteli, kisha Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Michamvi, Kizimkazi, uvute ramani taratibu. Utapata simu na tovuti. Imeili usiitafute pale, ukurasa wa biashara wa Google hauna sehemu ya kuionyesha. Nenda kwenye tovuti yao. Wengi wanaangalia ukurasa wa mawasiliano, wakikuta fomu tu wanakata tamaa. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Fungua sera ya faragha, humo ndani mara nyingi wameandika anwani ya kulalamikia. Fungua menyu ya chakula au orodha ya bei ya vyumba kama ziko kwenye PDF. Kama huoni kitu, rudi Google uandike jina la hoteli ndani ya alama za mnukuu, halafu "gmail.com" nayo ndani ya alama zake. Gesti nyingi za Mji Mkongwe na za Jambiani hawana tovuti, wana Gmail, na hiyo Gmail imetajwa mahali fulani kwenye blogu ya mgeni aliyewahi kulala pale.

Facebook angalia sehemu ya Kuhusu, lakini kwanza angalia walichapisha lini mara ya mwisho. Ukurasa uliolala muda mrefu, imeili yake nayo imelala. Instagram fungua kwa simu, kitufe cha barua pepe cha akaunti za biashara kinaonekana kwenye programu yao ya simu. Booking.com na wenzake usipoteze muda. Wao wanakula kwa kukaa katikati ya mgeni na hoteli, hawawezi kukuwekea imeili ya hoteli hadharani. Chukua jina tu uondoke.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni matangazo ya nafasi za kazi. Hoteli ikitafuta wahudumu na watu wa usafi wa vyumba, tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na chini lina imeili ya rasilimali watu. Hapo umepata mambo matatu kwa mpigo: domeni yao halisi, jina la idara, na habari kwamba wanaongeza watu, maana yake sare zitatakiwa. Ila tafadhali, ile anwani wameiweka kwa waombaji kazi. Usiwatumie bei za mashuka pale. Jua tu kwamba domeni ni ile, kisha piga simu uulize ya manunuzi.

Jumuiya za sekta zina orodha za wanachama wao: ZATI ya wawekezaji wa utalii, ZATO ya kampuni za kutembeza wageni, HAZ ya mahoteli. Na kila Januari kuna maonesho ya biashara ya kimataifa kule Nyamanzi, wakati wa sherehe za Mapinduzi. Kadi ya biashara uliyopewa mkononi na mtu anayekukumbuka ina thamani kuliko kitu chochote ulichokikwangua mtandaoni. Nyuma ya kadi andika mlizungumza nini, maana baada ya siku mbili kadi zote zinafanana.

Nikishaipata, naiingiza kwenye jedwali pamoja na mahali nilipoitoa, tarehe, simu, nani anaisoma, na kama wamesema wasitumiwe tena. Hiyo safu ya mwisho iheshimuni. Mji huu mdogo, meneja wa Nungwi leo kesho yuko Kendwa na keshokutwa Paje, na hasahau.

Jambo la mwisho ni msimu. Mahoteli mengi ya pwani yanafunga au yanapunguza kazi Aprili na Mei, masika ikishika. Watu wanadhani huo ndio wakati mbaya wa kuwaandikia. Kwangu mimi ndio wakati wenyewe: wanapaka rangi, wanahesabu mashuka yaliyochakaa, wanataka kufungua Juni vitu viko sawa. Ukiandika Agosti nyumba imejaa wageni nani atakusoma? Wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara pia mwacheni mtu wa Mji Mkongwe apumue.

Karibuni.

#2 Nungwi_Boy

Nimekaa pale.

#3 MzawaWaKariakoo

Mkuu uzi mzuri ila mnajitesa. Huku Dar tunaingia BRELA tunapata kampuni, halafu tunatupia jina kwenye Hunter au Apollo, imeili zinakuja zenyewe. Kuzunguka na kupiga picha milango ya gari ni kazi ya mwaka 1998.

#4 KaraniVuga

Ndugu yangu wa Kariakoo, BRELA ni ya Bara. Kampuni na majina ya biashara ya Zanzibar yanasajiliwa na BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Ukitafuta hoteli ya Bwejuu BRELA ukaikosa usiseme haipo. Usajili hautakupa imeili ya kuuzia hata hivyo. Makampuni mengi yanasajiliwa na wakili au mhasibu, na anwani inayobaki kwenye makaratasi ni ya huyo wakili. Usajili utumie kwa kazi nyengine: kujua jina kamili la kampuni iliyo nyuma ya jina la hoteli. Hoteli inaitwa jina tamu la Kizungu, kampuni inaitwa jina jengine kabisa, na ankara ukiiandika kwa jina la bangoni mhasibu anaikataa. Hilo limewahi kuwachelewesha watu malipo.

Sasa hizo zana zako. Zinafanya mambo mawili: zinakusanya anwani zilizoko wazi kwenye tovuti, na zinakisia kwa mtindo wa jina la mtu kisha domeni. Kwa benki, kampuni ya simu au hoteli ya mnyororo wa kimataifa zinafaa. Kwa gesti ya vyumba sita pale Kiponda inayotumia Gmail hakuna cha kukisia. Zamani ungeweza kuchungulia WHOIS ukaona nani amesajili domeni, lakini tangu 2018 taarifa za watu kwenye domeni nyingi za kimataifa zimefichwa.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, niseme la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inafanya kazi. Anwani kama info@ au sales@ ni ya ofisi. Anwani yenye jina la mtu ni taarifa ya mtu, na mtu huyo ana haki ya kukwambia acha kunitumia matangazo, ukaacha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inataka mlaji awe ameridhia kutumiwa ujumbe wa kibiashara, na ujumbe wenyewe ujitambulishe mwanzoni, useme lengo lake, na umpe mtu njia ya kujitoa. Ile kauli ya "sheria za Bara hazituhusu" isikudanganye, posta na simu ni mambo ya Muungano. Wenye mahoteli kutoka Ulaya nao wana sheria yao ya taarifa binafsi (GDPR) ya tangu Mei 2018 na wameizoea, ukiwaletea ujanja wanakujibu kwa lugha ya mawakili.

Hizo orodha zinazouzwa kwenye magrupu ndizo mbaya kuliko zote. Humjui aliyezikusanya, hujui lini, na waliomo hawajui wamo.

#5 MzawaWaKariakoo

Sawa sawa, nimeelewa kwa nini nilikuwa naambulia patupu kwa wateja wa visiwani. Nachukua hiyo ya BPRA.

#6 BintiShangani

Naomba niwape habari za upande wa pili, maana mimi ndiye ninayefungua ile reservations@ mnayoipiga mabomu kila siku.

Kwanza, idara ya vyumba tunapimwa kwa kasi ya kumjibu mgeni. Mgeni ameandika kutoka Poland anataka vyumba viwili, akichelewa kujibiwa anakwenda kwa jirani. Katikati ya hapo unaniletea ofa ya dawa za kufulia. Naifuta. Si chuki, sina mamlaka ya kununua hata sabuni ya kunawia. Ukitaka nikupitishie, andika mstari mmoja: "Naomba umfikishie msimamizi wa usafi wa vyumba." Hiyo mimi naisukuma, inanichukua sekunde.

Pili, tumechoka na matapeli. Zinakuja ankara za uongo, zinakuja barua za "tumebadilisha akaunti ya benki", zinakuja faili ambazo ukizifungua kompyuta ya mapokezi inazimika. Tumeambiwa kiambatisho cha mtu tusiyemjua tusikiguse. Ninyi mnatuma katalogi nzito ya picha arobaini kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, tena kwa anwani isiyo na jina la biashara. Mnataka nifanye nini?

Tatu, hoteli yetu iko Mji Mkongwe, haina bwawa la kuogelea. Nimeletewa ofa za dawa ya bwawa na kampuni ile ile mpaka nimewazoea majina. Mtu angefungua picha zetu mara moja angeona.

Ninachokisoma mpaka mwisho ni ujumbe unaosema jina la hoteli yetu sawasawa, unasema mtu yuko wapi hapa hapa Unguja, una simu inayopokelewa, na unauliza swali moja.

Na kabla ya kuandika, pigeni simu mapokezi. Si saa mbili asubuhi, wageni wako kwenye kifungua kinywa. Si saa nne, wanalipa na kuondoka. Si saa tisa, wapya wanaingia. Piga saa tano na nusu hivi, kabla ya adhuhuri. Sema, "Samahani dada, bei za sare nimtumie nani?" Mimi nitakutajia anwani kwa mdomo wangu. Sasa hapo utaandika "nimeelekezwa na mapokezi", na huo si uongo.

#7 DadaWaCherehani (mleta uzi)

BintiShangani Mungu akuweke. Hiyo ya saa tano na nusu naichukua leo leo.

Niongeze kwenye hilo la simu: mwulize aitamke herufi kwa herufi, na umrudie. Majina ya hoteli zetu yana Kiswahili, Kiarabu na Kiitaliano kwa pamoja. Usipouliza kama kuna nukta katikati au kistari, utaandika unavyosikia wewe.

#8 MwanaWaKonde

Salaam kutoka kuno Pemba. Nimesoma yote, mazuri, lakini nyie mnazungumza mambo ya Unguja.

Kuno ukitoa hoteli chache za kule Kigomasha na Makangale na vijumba vya wageni vya Chake, Wete na Mkoani, mtu wa kumtumia imeili ni wa kumtafuta kwa tochi. Duka la pembejeo Konde, duka la vipuri Chake, mwenye nguo Wete, wote wana WhatsApp na wote wanapokea simu. Ukimwambia "nitumie imeili yako" anamwita mwanawe aliyeko skuli aje amsomee kwenye simu. Ile anwani utapewa, kwa heshima tu, wala haitafunguliwa.

Mimi nauza vifungashio: chupa, mifuko, lebo. Nawatumia sauti ya WhatsApp, fupi, najitaja mimi ni wa wapi na mwana wa nani, maana kuno hilo ndilo la mwanzo wataloniuliza. Halafu sampuli inakwenda mkononi. Kama natoka Unguja naipakia kwenye meli ya Mkoani, namba ya simu ya mpokeaji imeandikwa kwa kalamu nene pande mbili za boksi.

Lakini msije mkasema Pemba imeili haifanyi kazi kabisa. Inafanya kazi kwa jumuiya na miradi, kwa vyama vya ushirika vya asali na mwani vinavyozungumza na wanunuzi wa nje, kwa watu wa mafuta ya viungo, kwa hospitali. Hao wana mtu mmoja ofisini, mara nyingi kijana aliyetoka chuo, ambaye anafungua imeili kila asubuhi na anajibu kwa adabu kuliko hao wa Unguja. Karafuu ndiyo usiulize, mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na taratibu zake zinajulikana.

Anayeuza kwa taasisi za Serikali naye imeili asihangaike nayo. Zabuni za SMZ zinapitia mfumo wa manunuzi wa mtandaoni. Jisajili huko, usikae kumwandikia mkurugenzi.

#9 Nungwi_Boy

"Mwana wa nani" 😂😂 Pemba hamjambo.

#10 MwanaWaKonde

Cheka, lakini mimi nalipwa kwa wakati.

#11 MarikitiMzee

Wanangu, mie nawauzia mahoteli mboga na ndizi tangu hamjazaliwa. Sina imeili, na watu wa jikoni wananipigia wenyewe saa kumi na moja alfajiri. Nenda kaonane na mtu, ukifika mara tatu atakununulia. Haya ya mitandao ni kukimbia jua tu.

#12 DadaWaCherehani (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Kwa mboga una haki kabisa, shefu anataka kuiona mchicha na kuishika, na anaitaka kila siku. Sare hoteli inanunua kwa nadra. Nikipanda daladala 116 mpaka Nungwi, nikafika getini, mlinzi ananiuliza "una miadi na nani?" Nikisema sina, narudi mjini na nauli yangu imekwenda. Nikiwa na imeili iliyojibiwa, hata mstari mmoja tu, "njoo Jumatano", namwonyesha mlinzi simu, geti linafunguka. Kwangu mimi kazi ya imeili ni hiyo. Kuuza nauza nikiwa nimesimama mbele ya mtu na kitambaa mkononi, kama wewe.

#13 MarikitiMzee

Marahaba. Hapo umenijibu.

#14 FundiMichenzani

Mimi wa kompyuta, naweka langu fupi.

Mtu anapata anwani nzuri kabisa halafu ujumbe wake unaangukia kwenye spamu, analaumu Zanzibar. Sababu huwa mbili. Ya kwanza, anatuma kwa domeni yake bila rekodi za SPF na DKIM, zile zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli. Tangu Februari 2024 Gmail wanamtaka kila mtumaji awe na angalau moja ya hizo, na anayetuma 5,000 kwa siku au zaidi awe na zote mbili pamoja na DMARC (inayosema barua isiyothibitika ifanyweje) na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Ripoti za spamu nazo zisifike asilimia 0.3, zikifika barua zake zinaanza kupata shida ya kufika. Mwambie aliyekufungulia tovuti akuwekee, ni kazi ya muda mdogo, asikutoze kama anajenga nyumba.

Ya pili, anatuma nakala kwa watu mia kwa mara moja, tena wote wanaonana majina. Gmail ya bure inakubali wapokeaji 500 kwa siku lakini hiyo ni dari, si lengo. Ujumbe mmoja kwa hoteli moja. Kumi kwa siku zinatosha kwa biashara ya watu sita, kwa sababu wakijibu wote utawashonea na nani?

Kuhakiki anwani kabla hujatuma: angalia kama domeni ina rekodi ya MX, inayoonyesha barua zake zinapokelewa wapi, kuna tovuti za bure zinaonyesha. Haina MX, karibu hakika haipokei barua. Ikiwa nayo bado haina maana mtu fulani yupo, maana seva nyengine zinapokea kila kitu kisha zinatupa. Hapo utarudi kwenye simu ya BintiShangani. Vipeperushi vya zamani vyenye anwani za zanlink na zanzinet, kampuni za intaneti za hapa, navyo vihakikini kwanza, hoteli ikibadilisha mmiliki hubadilisha na imeili.

#15 Bububu_Graduate

Nimemaliza chuo, nimepata kazi ya mauzo kampuni ya kufunga AC na kutengeneza majokofu. Bosi kanipa kompyuta kaniambia "tafuta wateja". Mleta uzi naomba mfano wa ujumbe unaoutuma wewe, tafadhali dada. Na niandike Kiswahili au Kiingereza?

#16 DadaWaCherehani (mleta uzi)

Lugha inategemea msomaji. Kwa mwenye hoteli mgeni, Kiingereza kifupi. Kwa msimamizi wa usafi wa vyumba, mtu wa stoo au mhasibu, Kiswahili, na hata akiwa Mkenya atakuelewa. Usichanganye katika ujumbe mmoja. Mfano wangu ni huu, ubadilishe upendavyo:

*Kichwa: Sare za wahudumu kabla ya kufungua Juni, karakana ya Mwanakwerekwe*

*Assalaam alaykum / Habari za kazi,*

*Mapokezi wamenielekeza kwako. Naitwa (jina), natoka karakana ya ushoni iliyopo Mwanakwerekwe. Tunashona sare za hoteli na mashuka.*

*Nimeona kwenye tangazo lenu kwamba mnaongeza wahudumu. Tunaweza kuja hotelini kupima wafanyakazi bila malipo, na kukuachia sare moja ya mfano muivae na kuifua kabla hamjaamua.*

*Je, nani anashughulikia sare kwenu, na siku gani inafaa nije?*

*(Jina, simu, mahali tulipo, jina lililosajiliwa la biashara)*

*Kama hupendi kupokea ujumbe wetu nijibu "acha", sitakuandikia tena.*

Basi. Hakuna picha, hakuna bei. Asipojibu naacha wiki moja, napiga simu mara moja, na kama bado kimya namweka mpaka msimu ujao. Bei haiingii mpaka nijue idadi, aina ya kitambaa na kama wanataka nembo ya kudarizi. Ukitaja bei mapema atakulinganisha na mtumba.

Wewe wa AC una nafasi nzuri kuliko mimi. Hewa ya bahari inakula vyuma na mabomba ya kila mashine iliyo nje, kwa hiyo hoteli za ufukweni hazimalizi mwaka bila fundi. Usiandike "tunatoa huduma bora". Andika kwamba mnaweza kukagua mashine zote Aprili vyumba vikiwa vitupu, na mtu wa kumwandikia ni msimamizi wa matengenezo, si meneja mkuu.

#17 BintiShangani

Ujumbe mzuri, ila badilisha mambo mawili. "Kabla ya kufungua Juni" ni ya hoteli za pwani, sisi wa mjini hatufungi, ukituandikia hivyo tunajua umenakili. Na ile "siku gani inafaa nije" usiiache wazi, watu hawajibu swali lililo wazi. Sema "Jumanne au Jumatano asubuhi". Ijumaa usiitaje kabisa, nusu ya siku imekwisha kwa maandalizi ya sala. Mwezi wa Ramadhani wasimamizi wengi wanatoka mapema, andika asubuhi.

Bububu_Graduate, kwetu kuna AC mbili za ghorofa ya juu zinavuja maji mpaka kwenye kitanda. Fundi tuliyenaye hapokei simu. Nitumie faragha jina la kampuni yenu nimpe mtu wa matengenezo, na uniandikie kwa anwani ya kampuni, si ya kwako binafsi.

#18 Bububu_Graduate

Nimeshatuma dada. Bosi kasema kesho saa tano tunaweza kufika.